Sura ya Sita: Deni Lililohesabiwa

Waprotestanti wengi wa Malindi, Kilifi na Mariakani husali Sala ya Bwana kwa maneno ya Biblia ya Union Version, iliyochapishwa ikiwa kamili mwaka 1952, na wafikapo kwenye ombi la msamaha hutaja deni. Jirani zao Wakatoliki, kwenye sala hiyohiyo, hutaja makosa. Tofauti hii ya neno moja hupita masikioni bila kumgusa mtu, kwa kuwa kila upande umezoea lake tangu utotoni, lakini mimi naona imebeba hoja nzima ya sura hii. Kosa laweza kufunikwa. Watu wataambizana yamekwisha, watanyamaza, na jambo litaonekana limezikwa ilhali hakuna aliyesema lilikuwa jambo gani. Deni haliendi hivyo. Deni lina mdai, lina mdaiwa, na lina kiasi. Mwenye duka hawezi kukusamehe unga na mafuta uliyokopa mpaka kwanza afungue daftari aone umekopa kiasi gani. Akikwambia nenda zako bila kulitazama daftari, huyo hajasamehe, amechoka tu kukudai, na siku atakapolifungua akitafuta jambo jingine, hasira itamrudia mbichi kama ya siku ya kwanza. Ninalotaka kulitetea hapa ni kwamba msamaha wa Kikristo huanza na hesabu, na kwamba ni hesabu hiyo, ikishafanywa na kukabidhiwa kwa Mungu, inayompa aliyeumizwa macho mengine ya kuwatazama watu, ya kumtazama Mungu, na ya kujitazama mwenyewe.

Mahali pa kuipima hoja hii pako karibu mno. Ukitoka Malindi ukaifuata barabara inayokwenda Tsavo, unafika eneo la ranchi ya Chakama na msitu wa Shakahola, ndani ya kaunti ya Kilifi. Paul Nthenge Mackenzie, aliyewahi kuwa dereva wa teksi, alianzisha kanisa la Good News International Ministries mjini Malindi mwaka 2003. Alihubiri kwa sauti iliyovuta watu kutoka pwani na bara, akifundisha kuwa shule na hospitali ni mitego ya shetani na kwamba Huduma Namba, namba ya serikali ya kumtambulisha mtu, ni alama ya mnyama. Mwaka 2019 kanisa lilifungwa, na baadaye wafuasi wakahamia msituni. Aprili 2023 polisi waliingia Shakahola wakakuta watu waliobaki mifupa kwa njaa, na makaburi yasiyo na alama. Ufukuaji ulifanywa kwa awamu, mwezi baada ya mwezi, hadi miili ikapita 400. Upasuaji ulionyesha kuwa wengi walikufa njaa, na wengine, watoto wakiwemo, walikuwa na dalili za kunyongwa au kuzibwa pumzi. Februari 2024 Mackenzie na wenzake 29 walisomewa katika Mahakama Kuu ya Malindi mashtaka ya kuwaua watoto 191. Walikana. Mashtaka mengine, ya ugaidi na ya kuua bila kukusudia, yalifunguliwa katika mahakama za Mombasa. Kupima ushahidi ni kazi ya majaji. Mimi nawaandikia na kuwaandika waliobaki: mama, wajomba, kaka na wajukuu ambao wengi wao ni Wakristo, na ambao wameambiwa, tena na tena, wasamehe.

Majeraha mengi humwachia Mkristo pa kukimbilia. Aliyedhulumiwa shamba au kuachwa na mwenzake wa ndoa anaweza kwenda kanisani akalia. Jeraha la Shakahola lilitoka kanisani penyewe. Maneno yaliyowapeleka watu msituni yalitolewa kwenye Biblia, na mfungo uliowamaliza ni ibada ambayo kila Mkristo anaijua na kuiheshimu. Bibi aliyepoteza binti na wajukuu, akisikia mhubiri akipaza sauti kwenye spika za mtaani, hasikii tena mwito. Anakumbuka siku binti yake alipouza vyombo vya nyumba na kuondoka. Macho yake yamekwisha kubadilishwa na uchungu kabla mtu yeyote hajamuuliza kama atasamehe. Hili ni muhimu, kwa sababu tunapozungumza juu ya msamaha hudhani kwamba aliyeumizwa alikuwa anaona vizuri, kisha dini ikaja kumfumba macho. Mambo hayako hivyo. Uchungu wenyewe ni mwalimu, tena mwenye bidii, na haufundishi sawasawa. Unamfundisha mtu kuwa kila mchungaji ni mwuaji anayesubiri nafasi, kuwa aliyemwamini ndugu yake ni mjinga, na kuwa Mungu aliyetajwa msituni ndiye Mungu aliyepo.

Pwani hii inajua vizuri jinsi uchungu unavyomtafutia mtu sura ya adui. Kwa miaka mingi wazee wa Kilifi wenye mvi wameshambuliwa na kuuawa kwa tuhuma za uchawi, mara nyingi na watu wa ukoo wao, na mara nyingi nyuma ya tuhuma kuna ardhi ya kurithiwa. Huko Ganze kituo cha Kaya Godoma kimekuwa kikiwahifadhi wazee waliokimbia maboma yao wenyewe. Tamaa ya ardhi inaeleza mengi, lakini haielezi kwa nini majirani hukubali haraka. Mtoto akifa, mvua ikikatika, moyo hukataa kwamba hakuna mkono wa mtu; na mkono ukishapatikana, kila alifanyalo mzee yule husomwa upya. Akinyamaza ana hila, akisalimu anakejeli, na akiamka usiku kwenda haja ndogo atakuwa anakwenda kuroga. Hapo hakuna hesabu tena. Kuna deni moja lisilo na kiasi, na mdaiwa yeyote atakayepatikana atalilipa. Naleta mfano huu kwa sababu wanaosema kwamba kutosamehe ni kubaki na ukweli wanapaswa kuueleza. Uchungu ulioachwa ujiongoze haubaki na ukweli kwa muda mrefu. Huanza na aliyekosa kweli, ukaishia kwa aliye karibu.

Mfano wa Yesu katika Mathayo 18 husomwa harakaharaka, na hivyo hupoteza nusu ya nguvu zake. Mtumwa anasamehewa na mfalme talanta elfu kumi, kisha anamkaba koo mwenzake anayedaiwa naye dinari mia. Wahubiri hupenda kusema dinari mia zilikuwa kitu kidogo. Hapana. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua wa kutwa, kwa hiyo mia ni zaidi ya miezi mitatu ya jasho, na kwa kibarua wa mashamba ya chumvi ya Gongoni au wa machimbo ya mawe ya Kilifi hicho si kitu cha kudharau. Ni kwa kulinganishwa na talanta elfu kumi, ambazo zinakaribia ujira wa siku milioni 60, ndipo zinaonekana ndogo. Yesu hakumwambia aliyeumizwa kuwa hakuumizwa. Alitaja kiasi cha kila deni, kwa sarafu zinazojulikana sokoni, na hoja yake inasimama juu ya tarakimu hizo. Ondoa tarakimu, mfano unakufa. Kosa la yule mtumwa halikuwa kukumbuka dinari zake mia. Lilikuwa kuzitazama kana kwamba hakuna deni lingine lolote duniani, hata lile alilokuwa ametoka kufutiwa asubuhi hiyo. Msamaha haukumtaka apoteze kumbukumbu. Ulimtaka aongeze ukurasa mmoja kwenye daftari lake, ule unaoonyesha anachodaiwa yeye.

Yusufu naye, ambaye watu humtaja kama kielelezo cha moyo mpole, alihesabu kwa ukali kuliko tunavyokumbuka. Ndugu zake walipofika Misri kununua nafaka hakuwakumbatia. Aliwahoji, akamfunga Simeoni, akawarudisha Kanaani kumleta mdogo wao, akaweka kikombe kwenye gunia la Benyamini. Hakujifunua mpaka Yuda, yuleyule aliyependekeza auzwe, aliposimama na kujitoa abaki mtumwa badala ya Benyamini. Na alipojifunua, katika sentensi zake za kwanza alitamka kwamba walimuuza. Hakusema walitofautiana, wala kwamba shetani aliwapitia. Baada ya kutamka hivyo ndipo akasema, na miaka mingi baadaye akarudia, kwamba Mungu aliligeuza jambo lile kuwa la kuokoa watu. Utaratibu wake ni wa kuangaliwa: kwanza kilichotendwa, kisha kile ambacho Mungu amekitenda juu yake. Mwenye kuugeuza utaratibu huo, akianza na makusudi ya Mungu kabla ya kutaja kisima na minada ya watumwa, hamfariji aliyeumizwa. Anamwibia.

Ndiyo maana naona kazi ya kufukua iliyofanywa Shakahola, ngumu na ya kutisha ilivyokuwa, ilikuwa karibu zaidi na Injili kuliko mahubiri mengi yaliyohubiriwa juu yake. Walikuwepo waliosema wafu waachwe wapumzike. Hisia hiyo naiheshimu, kwa kuwa katika desturi zetu, za Mijikenda, za Waislamu wa mji na za Wakristo, kaburi halichezewi. Lakini makaburi yale hayakuwa mazishi. Mtu aliyefukiwa bila jina, wengine wakiwa wawili watatu kwenye shimo moja, hajazikwa, amefichwa. Timu zilizochimba, wapasuaji waliopima, na jamaa waliosimama Malindi kutoa sampuli za DNA, walikuwa wanafanya kile ambacho mfalme wa Mathayo 18 alikifanya kabla hajasamehe, yaani kufanya hesabu na watumwa wake. Kinyume chake kilitokea kwa majirani zetu. Huko Kanungu, kusini magharibi mwa Uganda, mamia ya wafuasi wa kundi la Amri Kumi waliteketea kanisani tarehe 17 Machi 2000, na miili mingine mingi ikapatikana kwenye mashimo chini ya nyumba za viongozi. Hati za kuwakamata viongozi zilitolewa, na hakuna hata mmoja aliyewahi kusimama kizimbani. Jamaa wa Kanungu waliombwa wasamehe watu wasiojulikana waliko, kwa jambo ambalo halikuwahi kuelezwa hadi mwisho mbele ya hakimu.

Hapa ndipo pingamizi la kwanza huja, na huja likiwa na hasira ya haki: msamaha huwapa nafasi wakosaji, na kwa hiyo anayesamehe Shakahola anaiandaa Shakahola nyingine. Ushahidi wa kulitia nguvu upo. Mwaka 2025, mwendo mfupi kutoka msitu uleule, huko Kwa Binzaro, miili mingine zaidi ya 30 ilifukuliwa. Na Mackenzie mwenyewe alikuwa amekamatwa zaidi ya mara moja kabla ya 2023, akaachiliwa. Nakubali kwamba upole ulichangia. Nakataa kwamba upole huo ulikuwa msamaha. Msamaha hutolewa na aliyeumizwa, naye alikuwa hajaulizwa. Kilichotolewa kilikuwa dhamana, na uzembe, na ule woga wa Kikenya wa kumgusa mtu aliyeshika Biblia. Paulo aliwaandikia Warumi wasijilipizie kisasi, wampishe Mungu. Na mara tu baada ya hapo, mwanzoni mwa sura ya 13, akawaambia kuwa mtawala amewekwa ili awaadhibu watenda mabaya. Mambo haya mawili yamekaa bega kwa bega kwa sababu. Aliyesamehe ameshusha mkono wake mwenyewe, hajaufunga mkono wa mahakama, na anaweza kupanda kizimbani kutoa ushahidi asubuhi, akamwombea mshtakiwa jioni, bila kujipinga. Tena shahidi wa namna hiyo ni shahidi mzuri, kwa kuwa hana haja ya kuongeza chumvi.

Mwenye kutaka kuona jambo hili kwa mtu wa kweli amtazame Festo Kivengere, askofu wa Kigezi nchini Uganda. Februari 1977 utawala wa Idi Amin ulimwua Askofu Mkuu Janani Luwum, rafiki yake, na Kivengere akakimbia usiku pamoja na mkewe, wakipita milimani hadi Rwanda. Mwaka huohuo alichapisha kitabu ambacho jina lake liliwaudhi wengi, kwa kuwa lilitamka kwamba anampenda Idi Amin. Alieleza kwamba chuki ilikuwa imeanza kumnyang'anya yeye mwenyewe uhai wa ndani, na kwamba msalaba haukumwachia njia nyingine. Waliomlaumu walidhani amelegea. Lakini fuata alichokifanya: aliendelea kuueleza ulimwengu juu ya mauaji ya Uganda, akawahangaikia wakimbizi, na akarudi mwaka 1979 Amin alipoanguka. Msamaha haukumnyamazisha hata kwa wiki moja. Ulimwezesha kusema juu ya Amin bila kuzungumza juu ya Amin tu. Naona hapo ndipo tofauti ya mtazamo inapoonekana wazi: mwenye kinyongo humfanya mkosaji kuwa katikati ya kila simulizi, na aliyesamehe humrudisha mkosaji mahali pake, mtu mmoja mwenye dhambi kubwa, ndani ya ulimwengu ambao si wake.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi. Luka 17 inasema ndugu akikosa aonywe, na akitubu asamehewe, je, asiyetubu? Mshtakiwa anayekana kila shtaka hajaomba lolote. Wanatheolojia wamegawanyika hapa, na sidhani mgawanyiko huo utaisha. Mimi naona neno deni linasaidia tena. Kufuta deni kuna sehemu mbili: mdai huamua kwamba hatakwenda kumkaba mtu koo, na mdaiwa hupokea habari hiyo akaishi kama mtu aliyefutiwa. Sehemu ya kwanza haimngojei mtu. Yesu aliwaombea waliomsulubisha wakati nyundo bado ziko mikononi mwao. Sehemu ya pili haiwezekani bila toba, na bila hiyo hakuna upatanisho, hakuna kurudishiana imani, hakuna kuketi mezani pamoja. Mkristo wa Malindi aliyeachilia kisasi hana wajibu wa kumsalimu mhubiri aliyempoteza dada yake, wala wa kuamini kuwa amebadilika, wala wa kutaka aachiliwe. Makanisa yetu yamelichanganya jambo hili vibaya. Mwanamke aliyepigwa huambiwa arudi nyumbani kwa kuwa amesamehe. Mtoto aliyeharibiwa na mjomba huketishwa naye kwenye harusi. Hao hawakufundishwa msamaha, walifundishwa kunyamaza. Joseph Butler, mhubiri wa Kiingereza, alisema katika mahubiri aliyoyachapisha mwaka 1726 kwamba hasira juu ya uovu ni kitu ambacho Mungu mwenyewe alikiweka ndani yetu kwa faida, na kwamba kosa ni kuiacha ivuke mpaka wake. Natamani wazee wa kanisa wangelisema hili waziwazi kwa waliofiwa, walau mara moja: hasira yenu si dhambi.

Nani basi ana haki ya kusamehe? Simon Wiesenthal, Myahudi aliyenusurika kambi za Wanazi, aliandika mwishoni mwa miaka ya 1960 jinsi askari mmoja wa SS aliyekuwa akifa alivyomwomba msamaha kwa niaba ya Wayahudi aliowachoma moto, naye akatoka chumbani bila kujibu. Swali lake halijapata jibu la kuwaridhisha wote, na mimi naliona limesimama imara: hakuna mtu awezaye kufuta deni asilolidai. Baba aliyefiwa na watoto anaweza kusamehe uchungu wake, upweke wake na uzee wake ulionyang'anywa watu wa kuutegemeza. Njaa ya watoto wale haikuwa yake. Mwanasiasa au askofu anayesimama jukwaani Malindi kutangaza kwamba sisi kama taifa tumesamehe, anatumia fedha ya mwingine. Na kuna mfano wa zamani kwenye kaunti hiihii. Tarehe 1 Januari 1889, huko Rabai, George Mackenzie wa kampuni ya Imperial British East Africa (majina yamegongana tu) alitoa hati za uhuru kwa watumwa watoro zaidi ya 1,400 waliokuwa wamehifadhiwa na misheni. Ilikuwa siku ya furaha ya kweli, na hati zile ziliokoa maisha. Lakini ili amani ipatikane, fidia ililipwa kwa kila kichwa, na waliolipwa ni waliokuwa wakiwamiliki. Aliyefungwa minyororo hakulipwa senti. Deni lilifutwa kati ya watu ambao hawakuwa wadai, na sehemu ya ukimya ambao bado umetanda juu ya utumwa pwani ilianzia kwenye mapatano ya namna hiyo.

Gumu kuliko yote haliko kizimbani, liko nyumbani. Wapo walionusurika msituni baada ya kuwapeleka huko watoto wao wenyewe. Wengine, walipookolewa, walikataa chakula. Juni 2023 watu 65 walifikishwa mahakamani Shanzu kwa shtaka la kujaribu kujiua. Sheria hiyo ya kumshtaki aliyetaka kujiua ilitangazwa na Mahakama Kuu mwezi Januari 2025 kuwa kinyume cha Katiba, na vyema. Lakini hakimu akishamwachilia, mtu huyu anarudi wapi? Kwa dada yake, ambaye hajui amwite mhanga au mkosaji. Mwenye kinyongo atachagua moja, kwa kuwa kinyongo hakiwezi kumbeba mtu mwenye sura mbili. Ama atamfukuza kama mwuaji, ama, kwa kuogopa kumpoteza naye, atamfanya mtoto mdogo aliyedanganywa, asiyewajibika kwa lolote. Kila njia inamkana. Msamaha unaohesabu ndio pekee ninaoujua unaoweza kusema yote mawili kwa kinywa kimoja: ulidanganywa na mtu aliyeujua udhaifu wako, na wewe ulikuwa mama, mikono yako ilikuwepo. Anayeambiwa hivyo na dada anayemwekea sahani mezani anapewa nafasi ya kutubu ambayo hukumu peke yake haiwezi kumpa, na huruma peke yake pia haiwezi. Na dada naye ana daftari lake. Alipigiwa simu akaona maneno ya ajabu akanyamaza. Aliona watoto wameacha shule akasema ni mambo ya dini yao. Deni hilo dogo, linalomnyima usingizi kuliko makubwa ya wengine, naye analihitaji lisomwe kwa sauti kabla halijafutwa.

Sayansi ya nafsi ina la kusema hapa, ingawa nalitumia kwa tahadhari. Mwaka 2024 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliohusisha zaidi ya watu 4,500 katika Colombia, Afrika Kusini, Ukraine, Indonesia na Hong Kong, waliopewa kijitabu cha kujizoeza kusamehe kilichotokana na kazi ya mwanasaikolojia Mmarekani Everett Worthington, ambaye mama yake mwenyewe aliuawa na mwizi usiku wa kuamkia mwaka 1996. Waliokitumia walionekana kupungukiwa na dalili za sonona na wasiwasi. Cha kuangalia ni kwamba zoezi la kwanza la kijitabu hicho ni kulikumbuka jeraha, si kulisahau. Hata hivyo Mkristo hawezi kuishia hapo. Msamaha ukiwa dawa ya usingizi wangu tu, basi yule mwenye kosa hana maana kwangu, na siku nitakapolala vizuri bila kusamehe nitakuwa sina sababu ya kusamehe. Injili inadai zaidi: nimwone aliyeniumiza kuwa mtu ambaye hukumu yake inanihusu, na ambaye kupotea kwake ni hasara. Hilo ni zito, na simlaumu aliyefika nusu ya njia akaketi.

Ipo pia namna ya kusikiliza inayobadilika. Aliyepitia Shakahola na akasamehe hatasikia mahubiri kama alivyoyasikia zamani, wala haitakiwi ayasikie hivyo. Watu wa Beroya, katika Matendo 17, walisifiwa kwa kuyachunguza Maandiko kila siku waone kama Paulo anasema kweli, na Paulo hakuwaambia wanamgusa mpakwa mafuta wa Bwana. Kinyongo kingemfanya mtu huyu azibe masikio kabisa, au akimbilie mhubiri mwingine mwenye sauti kubwa zaidi wa kumlaani wa kwanza. Msamaha unamrudishia uwezo wa kutofautisha. Sauti ile ilikuwa ya mtu. Mfungo si njaa ya kulazimishwa. Daktari wa hospitali ya Malindi hakuwa adui wa Mungu. Na Mungu aliyenyamaza msituni si lazima awe ndiye aliyeagiza. Swali la kwa nini alinyamaza linabaki. Ayubu aliyeliuliza aliridhiwa na Mungu, na marafiki zake waliolijibu haraka ndio waliotakiwa kutoa sadaka.

Machi 2024, karibu mwaka mzima tangu shimo la kwanza lifunguliwe, miili ya kwanza iliyotambuliwa kwa DNA ilikabidhiwa jamaa mjini Malindi, familia moja ikipokea miili minne kwa siku moja. Mingi ilibaki ikiwa na nambari tu, na sababu mojawapo ni rahisi kuieleza na ngumu kuivumilia: ili mwili utambuliwe sharti awepo ndugu wa karibu wa kutoa sampuli, na kuna familia zilizoingia msituni zote, baba, mama na watoto. Kwa hao hakuna mdai aliyebaki wa kuamua kama atafuta deni au atalidai, na hakuna mchungaji, mzee wa kaya wala jaji awezaye kuamua kwa niaba yao. Kinachoweza kufanywa ni kuendelea kuyatafuta majina yao kwa majirani waliowaona wakipakia vitu, kwenye madaftari ya shule walizoachishwa watoto, na kwenye kadi za kliniki zilizosahauliwa ndani ya nyumba zilizouzwa.